Mvuvi Anayeloa

Kati ya ndege wote wanaoishi kwa samaki kwenye Ghuba ya Speke, mnandi ndiye anayeonekana kama hakuandaliwa kwa kazi hiyo. Bata akitoka majini hujikung'uta mara moja, matone yakatiririka, basi. Mnandi huloa. Hupanda jiwe au mti mkavu, akatandaza mbawa kama mtu anayeanika shuka, na hapo atakaa mpaka jua limkaushe. Huku Simiyu tunamwona Lamadi na Nassa, wilayani Busega, ambako mkoa wetu unagusa Ziwa Victoria; mnandi wa aina ndogo mwenye mkia mrefu hupanda hata bara, akatua kwenye malambo tunakonyweshea ng'ombe. Watu humcheka. Mimi nasema huko kuloa ndiko ufundi wenyewe.

Hewa iliyonaswa katika manyoya humfanya ndege aelee. Bata anaihitaji, kwa kuwa riziki yake nyingi iko juu. Kwa anayemfuata samaki chini, hewa hiyo ni adui: akizama inamvuta arudi. Unyoya wa mnandi umegawanyika. Kingo zake hupokea maji papo hapo na hewa ikatoka, ilhali sehemu ya katikati haipitishi maji, ikabakiza tabaka jembamba la hewa karibu na ngozi ili baridi isimuue. Analoa kwa kiasi cha kazi, hazidishi.

Kuzama kwenyewe hakuna makeke. Mdiria hujitupa kutoka angani, na kila mtu akamtazama. Mnandi huogelea mwili nusu ukiwa umezama, shingo juu, kisha hutanguliza kichwa na kutoweka. Chini huko hubana mbawa ubavuni, akasukuma kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Vidole vyake vyote vinne vimeungwa kwa utando. Bata ana utando kwenye vitatu tu vya mbele.

Jambo linalonistaajabisha zaidi ni macho. Mwaka 2007 watafiti walitangaza matokeo ya kupima uoni wa mnandi wakubwa majini, wakakuta hauzidi ule wa watu wanaofumbua macho chini ya maji bila miwani. Na ghuba yetu si maji maangavu: Mto Simiyu hushusha udongo wa mashamba na malisho kila masika. Walrasi, mnyama mnene wa bahari za Aktiki, ana dawa ya giza la namna hiyo. Hupapasa tope kwa mamia ya masharubu mpaka apate chaza, akafyonza mnofu na kuacha gamba. Mnandi hana masharubu. Anachoweza ni kumsogelea samaki mpaka karibu kabisa, amkurupushe, kisha shingo ifyatuke na ncha ya mdomo, iliyopinda mithili ya ndoana, imnase. Halafu huibuka, akamgeuza samaki ili ameze kichwa kwanza, mapezi na miba ilale nyuma isije ikamchana koo.

Wajapani wa mji wa Gifu, kando ya Mto Nagara, waliutambua uhodari huu zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Mpaka leo huvua kwa mnandi waliofungwa kamba shingoni ili samaki mkubwa asipite. Sipendi ile kamba, ila heshima naiona.

Kwetu aliwahi kupewa mtihani mgumu zaidi ya kamba. Sangara, mla samaki wenzake, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo waliokuwa chakula cha ndege wengi, walikuwa wametoweka kwa wingi wa kutisha. Ndege wanaokula samaki wa ziwa hili walilazimika kubadili windo. Mdiria aligeukia dagaa, samaki mwembamba anayetaka safari nyingi kushibisha tumbo. Mnandi naye alibaki, akiendelea kuzama.

Wavuvi wengine humwita mwizi. Wao wana nyavu, taa za dagaa na injini. Yeye ana mdomo mmoja na pumzi ya muda mfupi. Kwa vifaa hivyo, sijaona mvuvi bora kuliko yeye katika ghuba hii.