RRDtool ilijua, ikamwaga strakti hivyo hivyo

Tobias Oetiker alipotoa RRDtool mwaka 1999 aliwapa mafundi wa mitandao chombo cha maana. Cacti na Munin zimesimama juu yake. Grafu safi, faili halivimbi hata likikaa miaka. Hilo halina ubishi. Ugomvi wangu ni kichwa cha faili: kuichukua strakti kama ilivyokaa kwenye kumbukumbu na kuimwaga diskini nzima nzima.

Kichwa chenyewe mnakijua. Kinaanza na baiti 4 za utambulisho, baiti 5 za toleo, double moja, halafu unsigned long tatu: idadi ya vyanzo vya data, idadi ya hifadhi, na hatua kwa sekunde. Sasa baiti 9 za mwanzo zikiisha, double inaanzia wapi? Kwenye Linux ya i386 inaanzia baiti ya 12, maana huko double ndani ya strakti hupangwa kwa 4. Kwenye x86-64 inaanzia ya 16. Hakuna aliyeandika 12 wala 16 popote. Kompaila ndiyo iliyoamua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tatizo lilijulikana. Ile double haina kazi nyingine ila kushika namba 8.642135E130, ili programu ikifungua faili na kukuta namba nyingine, igome na kusema faili limetoka kwenye usanifu tofauti. Shimo limeonekana, likawekewa bango badala ya kufukiwa. Na bango lenyewe halionekani kila upande! Chukua faili la ARM ya biti 32 yenye EABI, lipeleke kwenye x86-64. Double iko baiti ya 16 kotekote, mpangilio wa baiti ni ule ule, 8.642135E130 inasomeka bila kasoro. Lakini unsigned long kule ilikuwa baiti 4, huku inasomwa 8, kwa hiyo idadi mbili zinamezwa kama moja. Faili lenye chanzo 1 na hifadhi 4 linasomeka kuwa na vyanzo 17,179,869,185. Likikwama mbele ya safari, sifa si ya ile double.

Pointa hazikuandikwa diskini. Hapo walifanya vizuri.

Kuhusu long nimeshapiga kelele sana, na sijachoka. Win64 iliiacha biti 32, Unix za biti 64 zikaipandisha, na bado kuna watu wanaikasti pointa kuwa long wakidhani wameandika msimbo wa kuhamishika. Kwenye Windows nusu ya anwani imekatwa. Ukilazimika, tumia uintptr_t, lakini hata hiyo thamani haina maana prosesi ikishakufa. Diskini andika nafasi ndani ya faili, au namba ya kipengele.

Nitaambiwa mwaka 1999 stdint.h ilikuwa bado changa. Sawa. Ila kuandika n >> 24, n >> 16, n >> 8 na n, kila moja ikichujwa kwa 0xff, C iliweza tangu enzi za Kernighan na Ritchie. Nitaambiwa pia habari ya kasi. Kasi gani, na strakti hii kwenye x86-64 ni baiti 128 tu? Sun walikuwa na XDR, RFC 1014 ya 1987: vipande vya baiti 4, baiti nzito mbele. PNG ya 1996 nayo ikatanguliza baiti nzito. Na tar, mkongwe wao wote, iliandika ukubwa wa faili kwa tarakimu za okta, herufi tupu, haikujali mashine ina biti ngapi.

RRDtool ina dawa yake: dump kwenye mashine ya zamani, unabeba XML, restore kwenye mpya. Mashine ya zamani ikiwa imeungua, tafuta kwanza nyingine ya usanifu ule ule.