Vikwembe vya Marehemu

Wauza nguo wa Bunia ni wengi, lakini heshima yangu ya kwanza naiweka kwa mama anayeitwa nyumbani baada ya matanga kuuza vikwembe vya marehemu. Mwenye balo la mitumba haulizwi nguo ilivaliwa na nani. Huyu anauza nguo ambayo mtaa mzima wa Nyakasanza uliiona: kanisani, sokoni, kwenye harusi za watoto wa jirani.

Hafungui sanduku mpaka mabinti wote wawepo. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inawaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wengine, lakini katika msiba mikono ni mingi na kikwembe hutoweka upesi. Wakishatimia, anaomba mkeka.

Sasa mtazame anavyofanya kazi. Anashika pembe ya nguo na kuigeuza. Waksi ya kweli haina mbele wala nyuma; kiwandani kitambaa hupakwa utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi. Utomvu ukikauka hupasuka, rangi hupenya kwenye nyufa, na hapo hubaki mishipa myembamba isiyojirudia popote. Nguo ya bei rahisi imechapwa upande mmoja, mgongo wake umepauka, na ukifuata maua yake utaukuta ufa uleule unarudi kila mara. Maandishi ya ukingoni huyasoma mwisho. Vlisco wa Helmond, Uholanzi, wako kazini tangu 1846, na waigaji walishajifunza kuandika jina lao vizuri kabisa. Kisha anainua nguo kwenye jua, anapitisha kidole kwenye mikunjo. Kikwembe kilichokaa miaka mingi kimekunjwa palepale huchakaa kwenye mkunjo, na hilo atamwambia mnunuzi kabla hajaulizwa.

Viko pia vikwembe visivyopimwa kwa mishipa. Mobutu alipowakataza wanawake suruali katika miaka ya 1970, sura yake ilichapwa kwenye vikwembe vya chama, na masanduku mengine bado yanavyo. Viko vya kiwanda cha Sotexki, vilivyofumwa Kisangani, ambavyo wazee huvishika kwa namna ya pekee. Viko vya Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenyeheri tarehe 15 Agosti 1985. Akikikuta hicho, anamkabidhi binti mkubwa bila kutaja bei. Naona ana haki.

Baada ya hapo anauliza swali ambalo, kwangu, ndilo ufundi wenyewe: “Wanangu, mtamwona mtu njiani amevaa nguo ya mama yenu. Mtaweza?” Wakinyamaza, nguo ile haiuzwi Bunia. Ataipeleka Mahagi au Aru, hata kama huko itampatia kidogo. Wakikubali, anatafuta mnunuzi anayeifaa, maana kikwembe cha mwanamke aliyekuwa mama wa parokia hawezi kukimwaga mikononi mwa yeyote anayepita.

Wapo wanaosema kuuza nguo za mama ni aibu. Sikubaliani nao. Mama zetu walinunua yadi sita na kuziacha bila kukatwa wakijua wazi ni akiba. Vita vilipofika Nyakasanza mwaka 2003, watu walikimbia na walichoweza kubeba kichwani, na nguo nzima isiyo na mshono ilikuwa kitu ambacho ungeweza kukibadilisha kwa unga na chumvi njiani. Leo akiba ileile inalipa minerval, yaani karo, ya mjukuu aliyeko sekondari. Marehemu ndiye aliyeiweka kwa kazi hiyo.

Siku ya mwisho anarudi na fedha, dola upande mmoja, faranga upande mwingine, anazihesabu juu ya mkeka, nguo kwa nguo, akitaja kila moja na aliyeichukua. Fungu lake hulitoa mbele yao, mwishoni. Na kama mabinti wamebadili nia juu ya kimoja ambacho hakijauzwa, anakirudisha sandukuni kikiwa kimekunjwa upya, kwa mkunjo tofauti na ule wa zamani, ili kisikatike.