Ugonjwa wa Hemingway, Kifo cha Harry

Ernest Hemingway, Mmarekani aliyepata kuishi Paris, alikuja Tanganyika kuwinda mwishoni mwa mwaka 1933. Gharama zilitoka kwa tajiri mmoja, ndugu wa baba yake Pauline, mkewe. Januari 1934 alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, ikabidi achukuliwe kwa ndege ndogo hadi Nairobi. Mwaka huohuo alisimulia habari hiyo katika jarida la Esquire. Miaka miwili baadaye jarida hilohilo lilichapa hadithi yake, "The Snows of Kilimanjaro".

Chanzo ni kimoja, lakini sauti ni mbili. Katika makala, mgonjwa anajifanyia mzaha. Katika hadithi, mwandishi aitwaye Harry analala kambini, mguu unaoza kwa sababu ya mchubuko wa mwiba. Anamtukana mkewe tajiri, kisha anakiri moyoni kwamba kipaji chake amekiua mwenyewe. Ndege inamjia katika ndoto tu, na inaelekea kileleni.

Hapa kwetu Ikola, mvuvi wa dagaa aliyekumbwa na dhoruba usiku husimulia mkasa wake mwaloni kwa vicheko. Hofu yenyewe hawapi wachuuzi. Naona gazeti lilikuwa mwalo wa Hemingway. Hofu ya kuishi kwa mali ya mke na kufa bila kuandika aliyopaswa kuandika, hiyo alimpa Harry aibebe.

Hata vita vya Wagiriki na Waturuki, alivyoviripoti mwaka 1922 kwa gazeti la Toronto Daily Star, vinarudi humo. Safari hii si habari tena. Ni kumbukumbu za mtu anayekufa, akihesabu hadithi ambazo hakuziandika. Kwa hiyo anayetaka kumjua Hemingway asidhani kwamba makala, kwa kuwa zinadai ukweli, ndizo zinazomfichua zaidi.

Hata hivyo, ungamo hilo lina mpaka, na sisi wasomaji wa nchi hii tunapaswa kuuona. Harry ana Paris, ana vita, ana wanawake aliowapenda. Molo, mtumishi anayemletea kinywaji, amepewa jina na neno la kuitikia, basi. Naye alikuwapo kambini usiku ule, akimtazama mgeni akifa. Alifikiri nini? Mwandishi aliyejichimba mwenyewe kiasi kile hakumwuliza.