Kikoa cha Wapiga Upinde: Kukosa, Kukiri na Haki ya Kusimulia katika Masimulizi ya Uwindaji wa Ayala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza masimulizi ya wawindaji wa Marekani wanaotumia upinde kuwinda ayala, hasa yale ya mwanzo wa msimu. Inajengwa hoja kwamba kiini cha masimulizi hayo si kuua bali kukosa, na kwamba msimulizi hupata mamlaka yake kwa kukiri makosa mbele ya wenzake. Kwa kutumia dhana ya kikoa kama inavyojitokeza katika kisa cha Liongo, pamoja na mkabala wa Labov na Waletzky (1967) kuhusu masimulizi ya tajriba, makala yanasoma maandishi ya Saxton Pope na Aldo Leopold. Inahitimishwa kwamba ujumi wa kukiri unategemea ulinzi wa sheria, na kwamba uhakiki wa fasihi ya uwindaji hauna budi kuuliza ni nani aliyekuwa na haki ya kukiri.

1.0 Utangulizi

Katika kisa cha Fumo Liongo, kama kilivyochapishwa na Steere (1870) na kutungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa (1913), maadui wa shujaa wanabuni hila ya kula kikoa. Kila mmoja atapanda mkoma kwa zamu yake na kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liongo itakapofika naye akawa juu ya mti, watampiga mishale. Liongo hapandi. Anachukua upinde wake na kuyaangusha makoma akiwa amesimama chini, na hila inavunjika.

Tukio hili husomwa kwa kawaida kama ushahidi wa ustadi wa Liongo wa kulenga. Hata hivyo, lina fundisho jingine kuhusu kikoa chenyewe. Kikoa ni mapatano ya kupeana zamu, na anayeshika zamu hujiweka wazi mbele ya wenzake. Yeye yuko juu na wao wako chini. Wanamwona kuliko yeye anavyowaona. Liongo anaokoka kwa sababu anatimiza zamu yake bila kujiweka wazi.

Makala haya yanaichukua dhana hiyo na kuitumia katika utanzu ambao uhakiki wa Kiswahili haujaushughulikia vya kutosha, yaani masimulizi ya nafsi ya kwanza ya wawindaji. Katika uainishaji wa Mulokozi (1989), masimulizi ya aina hii yanaelea kati ya kisa na kumbukumbu. Yana ufupi na funzo la kisa, lakini madai yake ya ukweli ni ya kumbukumbu. Mfano uliochaguliwa ni wa Marekani, ambako wapiga upinde wamejijengea desturi ndefu ya kusimuliana mawindo yao, na ambako desturi hiyo imeacha maandishi yanayoweza kusomwa kwa makini.

2.0 Ayala na Msimu Wake

Suala la jina linahitaji kutatuliwa kwanza. Mnyama anayehusika mara nyingi huitwa kulungu au paa katika tafsiri za Kiswahili. Majina yote mawili ni ya wanyama wa Afrika wenye pembe za kudumu. Mnyama wa Marekani ni wa familia nyingine, ambayo haina mwakilishi wa asili kusini mwa Sahara. Pembe za dume lake zina matawi, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Biblia ya Kiswahili ilitumia neno ayala katika Zaburi ya 42, neno lenye asili ya Kisemiti, na ndilo linalotumika hapa. Tofauti hii si ya kamusi pekee, kwa kuwa wakati katika masimulizi haya hupimwa kwa pembe. Mwanzoni mwa Septemba, dume ama bado amefunikwa pembe kwa ngozi laini yenye manyoya, ama ndiyo kwanza ameisugua kwenye miti ikatoka. Msikilizaji anayeijua ishara hiyo hahitaji kutajiwa tarehe.

Msimu wenyewe ni zao la sheria. Jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa ayala kwa ajili ya wapiga upinde mwaka 1934, na majimbo mengine yakafuata. Katika majimbo mengi msimu wa upinde hutangulia ule wa bunduki, kwa hiyo mpiga upinde huingia msituni wakati majani yangali mitini, joto lingali kali na mbu wangali wengi. Ayala nao wanafuata mazoea ya kiangazi: jioni huelekea kwenye mashamba ya maharage ya soya au chini ya mialoni iliyoanza kuangusha kokwa. Mwindaji hufunga dungu mtini na kukaa kimya kwa saa nyingi, akichunga upepo usipeleke harufu yake kwa mnyama. Mshale wake unafaa kwa umbali wa hatua ishirini au thelathini hivi. Masharti haya yote yanaelekea upande mmoja: uwezekano wa kukosa ni mkubwa kuliko wa kupata.

3.0 Tathmini Kabla ya Mshale

Labov na Waletzky (1967) walionesha kwamba masimulizi ya tajriba huwa na utambulisho wa mandhari, tukio la kutatiza, tathmini, utatuzi na tamati. Tathmini ndiyo inayomweleza msikilizaji kwa nini kisa kinastahili kusimuliwa, nayo mara nyingi husimamisha mwendo wa matukio katika kilele chake.

Katika kisa cha mpiga upinde, mahali pa tathmini panaweza kubainishwa kwa usahihi. Ni kati ya kuvuta upote na kuuachia. Hapo msimulizi husimama na kuhesabu: kitawi kilicho mbele ya bega la mnyama, upepo uliogeuka, mkono ulioanza kutetemeka, jike lililoinua kichwa. Mshale ukishaachiwa, sentensi hufupika na kisa huenda mbio. Ayala anaweza kuusikia mlio wa upote na kuinama kabla mshale haujafika, nao ukapita juu ya mgongo wake. Basi, kisa kimekwisha; lakini hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba hakikuwa na mwisho.

Linganisha na kisa cha mtu aliyepata. Hapo utatuzi hurefuka kupita tukio lenyewe. Msimulizi hueleza alivyongoja kabla ya kushuka, alivyofuata alama za damu, alivyohofia kwamba joto la Septemba litaharibu nyama. Hata katika ushindi, kinachosimuliwa ni shaka. Kisa kisicho na shaka hupokewa na wenzake kama majigambo.

Tofauti hii inaonekana zaidi ikiwekwa kando ya kumbukumbu za aina nyingine. Klabu ya Pope and Young, iliyoanzishwa mwaka 1961, huhifadhi vipimo vya pembe za wanyama waliouawa kwa upinde. Daftari la vipimo halina nafasi ya mshale uliopotea. Masimulizi ndiyo yanayoipokea sehemu hiyo kubwa ya tajriba ambayo daftari haliwezi kuiandika.

4.0 Pope na Leopold: Sanaa ya Kukiri

Saxton Pope alikuwa daktari wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha California. Kitabu chake *Hunting with the Bow and Arrow* (1923) ni miongoni mwa matini za msingi za wapiga upinde wa Marekani. Mpangilio wake una maana. Msomaji hafiki kwenye sura ya uwindaji wa ayala kabla ya kupitia sura za kutengeneza upinde, kutengeneza mishale na kujifunza kulenga. Mnyama anacheleweshwa katika kitabu kama anavyocheleweshwa msituni. Anapofika hatimaye, Pope hamtendei msomaji kama mtazamaji wa ushujaa. Humtajia umbali, humweleza mshale ulikopita, na haifichi mishale iliyopotea. Sauti yake ni ya tabibu anayeandika maendeleo ya mgonjwa, na usahihi huo ndio unaofanya mshale unaopata uaminike.

Leopold anakwenda mbali zaidi. Shajara zake, zilizochapishwa katika *Round River* (1953) baada ya kifo chake mwaka 1948, zina kumbukumbu za safari za upinde alizofanya huko Gila, New Mexico, mwaka 1927 na 1929. Safari hizo ni za Novemba, wala si za mwanzo wa msimu, lakini mtindo wa kusimulia ni uleule. Kurasa hizo zinashughulika na nafasi zilizoponyoka kuliko nyama iliyopatikana. Mwandishi ambaye baadaye angeandika *A Sand County Almanac* (1949) anajifunza humo namna ya kutazama. Kila mshale unaokosa unamlazimisha kueleza mahali ulipoangukia, na kwa kufanya hivyo anaeleza mteremko, mti na nyayo. Inaweza kudaiwa kwamba maelezo ya mandhari katika shajara hizi yamezaliwa na kukosa: mtu aliyepata hutazama mnyama, aliyekosa hutazama nchi.

Kwa mantiki ya kikoa, wasimulizi hawa wanafanya jambo ambalo Liongo alilikataa. Wanapanda mti. Wanakubali kuonekana na wenzao walio chini, na kwa kukubali huko wanapewa haki ya kusikilizwa. Anayefuata hawezi kuleta kisa cha kujisifu tu bila kuonekana ametoa pungufu ya alichokula.

5.0 Zamu ya Ishi

Hata hivyo, kikoa hiki kina mtu aliyelishwa maneno badala ya kupewa zamu. Sura tatu za kwanza za Pope zinamhusu Ishi, Myahi aliyejitokeza karibu na Oroville, California, Agosti 1911, baada ya watu wake kuangamizwa. Hata jina hilo alipewa na mwanaanthropolojia Alfred Kroeber. Maana yake katika lugha yake ni mtu. Ishi ndiye aliyemfundisha Pope upinde. Pope anaeleza kwa heshima alivyojiandaa kuwinda ayala: kuacha samaki na tumbaku, kuoga kijitoni alfajiri, kujisugua majani yenye harufu, kutoka bila kula. Anaeleza pia alivyovaa kichwa cha ayala kilichojazwa ili kumvuta mnyama karibu.

Maelezo hayo ni ya thamani, lakini yote yako katika nafsi ya tatu. Ishi anaonekana akifanya, hasikiki akikiri. Msomaji anajua Pope alihisi nini mshale wake ulipokosa. Hajui Ishi alihisi nini. Hali hii haikutokana na ububu wa Ishi. Alikuwa msimulizi hodari, na sauti yake ilirekodiwa katika silinda za nta akisimulia hadithi za watu wake kwa lugha yake. Alifariki Machi 1916 kwa kifua kikuu, miaka saba kabla ya kitabu cha mwanafunzi wake kutoka. Yaliyokuwa tajriba kwa Pope yamegeuzwa kuwa mbinu kwa Ishi. Ufundi umerithiwa; haki ya kusema *nilikosa* haikufika kwa mwenye ufundi.

6.0 Upinde Huohuo, Sheria Nyingine

Uhusiano wa utanzu huu na Afrika Mashariki si wa kubuni. Mwaka 1925 Pope, Arthur Young na mwandishi Stewart Edward White walikwenda Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, na Pope akaandika *The Adventurous Bowmen* (1926). Safari hiyo ilifanyika chini ya serikali ya kikoloni iliyokuwa na utaratibu wa leseni za uwindaji. Mgeni mwenye upinde alikuwa mwanamichezo, na mishale yake iliyokosa ikawa maudhui ya kitabu.

Waata wa nyika ya pwani ya Kenya nao walikuwa mabingwa wa upinde, wakiwinda hata ndovu kwa mishale ya sumu. Sheria za kikoloni ziliufanya uwindaji wao kuwa ujangili, na katika miaka ya 1950 ilifanywa operesheni kubwa dhidi yao katika eneo la Tsavo, ambalo lilikuwa hifadhi tangu 1948. Kwa mwindaji wa Kiwaata wa wakati huo, kusimulia mawindo yake mbele ya mtu asiyemjua hakukuwa mchango wa kikoa. Kulikuwa ushahidi. Maelezo yaleyale yanayompa Pope mamlaka, yaani mahali, umbali, mnyama alivyojeruhiwa na alivyofuatwa, yangetosha kumpeleka Mwaata gerezani.

Hapa ndipo kisa cha Liongo kinapopata uzito mpya. Kikoa huwa salama pale tu walioko chini ya mti wasipokuwa wameshika mishale. Liongo alijua wenzake ni akina nani, akakataa kupanda. Ukimya wa mwindaji aliyeharamishwa unaweza kusomwa kwa namna hiyohiyo. Mhakiki anayeutafsiri kama upungufu wa fasihi ya nafsi ya kwanza atakuwa amekosea. Ni uamuzi wa mtu aliyeupima umbali.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba masimulizi ya wapiga upinde yanajengwa juu ya kukosa, kwamba tathmini yake hukaa kabla ya mshale kuachiwa, na kwamba kukiri ndiko kunakompa msimulizi haki ya kuaminiwa. Yameonesha vilevile kwamba sifa hizi za kiujumi zina sharti lisilo la kiujumi: msimulizi awe mtu ambaye maneno yake hayatamdhuru.

Matokeo yake kwa uainishaji ni kwamba mpaka kati ya kisa na kumbukumbu hauwezi kuchorwa kwa kuangalia matini peke yake. Mwindaji aliyelindwa na sheria husimulia kwa jina lake, na usimulizi wake ukaitwa kumbukumbu. Asiyelindwa hulipeleka tukio lake kwa mtu wa zamani au kwa mnyama, na likaitwa ngano. Kwa hiyo watafiti wanaokusanya fasihi simulizi ya jamii za wawindaji wa Afrika Mashariki wanapaswa kuzisikiliza ngano hizo wakikumbuka kwamba ndani ya baadhi yake yumkini yumo mtu aliyevuta upinde mwenyewe, akakosa, na hakuwa na mahali salama pa kusema hivyo.

Liongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde ukiwa umevutwa, na watu wa mji wakakaa mbali siku kadhaa wakidhani yu hai. Mshale ule haukuachiwa. Alikufa bila kuusimulia, na wengine ndio waliousimulia kwa niaba yake.