Panya Aliyekumbuka Mlio Akasahau Mahali

Panya mwenye hofu kuu hakimbii. Hujikunyata pembeni mwa kisanduku, miguu yote minne imebana sakafu, masharubu hayachezi, na kinachoonekana kwenda ni mbavu tu kwa pumzi. Watafiti huita hali hiyo kuganda. Mtu humtazama na kila baada ya sekunde chache huandika: ameganda, hajaganda. Kwa kazi hiyo inayoonekana nyepesi, kundi la watafiti wa California, wakiwamo Robert Dutton, Edmond Eger na Michael Fanselow, lilishughulikia mwaka 2001 swali ambalo kila anayepelekwa chumba cha upasuaji ana haki ya kuliuliza: nusukaputi hufuta nini kichwani, na huanza kufuta kwa kipimo gani?

Swali hili lina mtego. Ukimpa panya dawa, ukamfundisha jambo, kesho ukakuta hajui kitu, huwezi kutangaza kwamba amesahau. Huenda hakuumia ulipomfundisha, kwa kuwa dawa ilizima maumivu. Huenda hakusikia. Na kosa la kinyume nalo lipo: panya ambaye bado ana usingizi akitulia, jicho lisilo makini litasema ameganda.

Walifanya hivi. Panya aliwekwa ndani ya kisanduku akivuta gesi ya usingizi ya isofluraini. Wengine hawakupewa kabisa, wengine kidogo, wengine zaidi. Ukapigwa mlio, kisha sakafu ya nondo ikapitisha umeme wa muda mfupi miguuni. Siku iliyofuata, bila gesi yoyote, panya walipimwa kwa njia mbili. Kwanza kwenye kisanduku kilekile, kimya, bila mlio. Pili kwenye kisanduku kingine kisichofanana na cha jana, na humo mlio ukapigwa.

Ufundi wote umo katika vipimo hivyo viwili. Umeme uleule ulimfundisha panya mambo mawili kwa mpigo: kwamba mahali hapa pana hatari, na kwamba mlio huu huleta hatari. Mambo hayo hayahifadhiwi sehemu moja ya ubongo. Fanselow na Jeansok Kim walikuwa wameonyesha tangu 1992 kwamba panya akiharibiwa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi siku moja baada ya mafunzo, hofu ya mahali hupotea na hofu ya mlio hubaki.

Gesi nayo ilipita njia hiyohiyo. Eger alikuwa miongoni mwa waliobuni kipimo ambacho wataalamu wa usingizi wanakitumia hadi leo: kiasi cha gesi kinachofanya nusu ya wanaokatwa kisu wasitikisike. Kwa mtu mzima, isofluraini hufika hapo ikiwa takriban asilimia 1.2 ya hewa iliyo mapafuni. Kwa panya, kumbukumbu ya mahali iliporomoka kwenye takriban robo tu ya kipimo chao cha aina hiyo. Kumbukumbu ya mlio ilistahimili hadi karibu nusu yake.

Kati ya robo na nusu ndipo penye thamani ya kazi nzima. Kuna panya pale ambaye kesho yake anarudishwa kwenye kisanduku cha mateso na anatembea humo akinusanusa kama mgeni. Ukimpigia mlio kwingine, anaganda. Basi aliusikia mlio. Umeme ulimuuma, maana asingeumia asingejifunza kuuogopa mlio. Hofu ya mlio imegeuka shahidi wa ndani anayeondoa visingizio karibu vyote na kutuachia jibu moja: gesi ilizuia kumbukumbu ya mahali isijengeke. Sijaona njia safi zaidi ya kutenganisha kusahau na kutohisi kwa kiumbe asiyeweza kuhojiwa.

Mwaka 2002 kundi hilo liligeuza mpangilio: panya walifundishwa wakiwa macho kabisa, gesi ikaja baadaye. Hofu zote mbili zilibaki. Isofluraini huzuia somo linaloingia. Somo lililokwisha kuingia hailing'oi.

Hata hivyo hofu si elimu yote, na siku moja si muda mrefu. Huko Boston, Deborah Culley na wenzake walitumia mzingile wa njia kumi na mbili ambamo panya hutafuta chakula bila kurudia njia aliyokwisha kuipita. Waliripoti mwaka 2003 kwamba baada ya saa mbili za isofluraini na naitrasi oksidi, panya wazee walifanya vibaya kwa wiki kadhaa, ilhali vijana walifanya vizuri zaidi. Dawa ileile, umri tofauti, matokeo kinyume. Anayesema dawa ya usingizi huharibu kumbukumbu bila kutaja umri bado hajasema kitu.

Utafiti uliowatia wazazi hofu ni wa Vesna Jevtovic-Todorovic, nao ni wa 2003. Vitoto vya panya vya siku 7 vilipewa midazolamu, naitrasi oksidi na isofluraini kwa saa 6. Seli za ubongo zikafa kwa wingi, na walipokua walijifunza kwa shida. Kazi ile ni ya kuheshimiwa, lakini saa 6 kwa kiumbe wa wiki moja ni sehemu kubwa ya maisha yake, na haziwezi kulinganishwa na upasuaji wa ngiri wa mtoto wa binadamu.

Ulinganisho unaofaa ulifanywa kwa watoto wenyewe: vichanga 722 wa nchi 7 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri, wengine wakilazwa kwa sevofluraini kwa muda ambao kwa kawaida haukufika saa moja, wengine wakichomwa ganzi wakiwa macho. Walipofika miaka 5, matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha wastani wa alama za akili (IQ) wa 99 kwa makundi yote mawili. Tahadhari iliyotolewa Marekani mwaka 2016 inahusu watoto chini ya miaka 3 wanaolazwa zaidi ya saa 3 au mara kwa mara. Mzazi uliyepangiwa siku ya upasuaji wa mtoto, usiahirishe kwa sababu ya panya wa siku 7. Mwulize daktari wa usingizi mtoto atalazwa kwa muda gani.