Besi Iliyozikwa Mara Tatu

Chukua wimbo wowote wa …And Justice for All, albamu ya Metallica ya mwaka 1988, usikilize kwenye spika nzuri, kisha jaribu kufuatilia gita la besi peke yake. Magita ya James Hetfield utayapata mara moja, kulia na kushoto, mazito na makavu. Mguu wa Lars Ulrich utausikia kwenye dramu kubwa, kila teke na mlio wake mkali. Besi utaitafuta mpaka uchoke. Na ilirekodiwa: Jason Newsted aliipiga kwenye nyimbo zote tisa, na kanda zake zipo.

Mashabiki wa hevi metali wanabishana kuhusu jambo hili kwa zaidi ya miaka 30 sasa, na ubishi wao karibu wote huishia kwenye swali moja: nani aliyeipunguza sauti? Jibu lake linajulikana, nami nitalifikia. Lakini nikiisikiliza albamu yenyewe naona kwamba kupunguzwa sauti kulikuwa hatua ya mwisho tu. Besi ilikwisha kupoteza nafasi yake katika utunzi, ikaipoteza tena katika kurekodi, na waliokaa kwenye mitambo ya kuchanganya sauti wakamalizia kazi iliyoanzwa na wengine.

Kwanza ieleweke bendi ilikuwa katika hali gani. Septemba 27, 1986, basi lao lilipinduka barabarani nchini Sweden na mpiga besi wao, Cliff Burton, akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Burton alikuwa na tabia ya kuipeleka besi yake kwenye njia zake, akiicheza kama gita la solo inapobidi. Baada ya majuma machache nafasi yake ikachukuliwa na Newsted, kijana aliyetoka bendi ya Flotsam and Jetsam. Mwaka uliofuata wakatoa rekodi fupi ya nyimbo za bendi nyingine, na humo besi ya Newsted inasikika waziwazi, nzito, yenye kishindo. Ushahidi huu ni muhimu kwa sababu unaonyesha kwamba mpigaji alikuwa yule yule na vidole vyake vilikuwa na uwezo ule ule. Tatizo lilizaliwa baadaye.

Utunzi wa albamu ulijengwa juu ya gita la ridhimu la Hetfield na dramu za Ulrich. Nyimbo ni ndefu, zina vipande vingi, zinabadili mwendo ghafla. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 10, na albamu nzima ni dakika 65 hivi, ikabidi itolewe kwenye santuri mbili. Katika nyimbo za namna hiyo mpiga besi ana njia mbili. Anaweza kusimama kando ya gita na kutengeneza mstari wake, au kulifuata gita noti kwa noti. Newsted, mgeni kwenye bendi iliyokuwa bado msibani, alilifuata gita.

Hapo ndipo fizikia inapoingia. Waya mnene wa gita la kawaida hutoa mitetemo 82 hivi kwa sekunde ukiachwa wazi. Waya mnene wa besi hutoa 41, nusu yake kamili. Lakini besi haisikiki kwa mitetemo 41 peke yake, kwa kuwa spika nyingi za nyumbani haziwezi kuitoa. Sikio huitambua besi kwa mitetemo ya juu inayozaliwa pamoja na ile ya chini, na wa kwanza katika hiyo ni 82. Yaani besi ikipiga noti ile ile ya gita, kwa wakati ule ule, sehemu yake inayosikika inaangukia palepale gita lilipoanzia. Hetfield naye alikuwa ameupanga mlio wake kwa makusudi: sauti za kati zimekatwa, za chini na za juu zimeongezwa, kiganja kinabana nyaya ili kila pigo litoe mshindo mfupi kifuani. Mshindo huo umekaa kwenye makazi ya besi. Juu zaidi, pale ambapo mpiga besi anayetumia kipiki angeweza kusikika kwa mgwaruzo wa waya, kuna dramu kubwa ya Ulrich, iliyotengenezwa mlio wa kugonga badala ya mlio wa kuvuma. Chini pamejaa, juu pamejaa.

Mtayarishaji mzoefu huwa anaitafutia besi upenyo mapema, vyombo vinaporekodiwa. Kazi ilifanyika kwenye studio za One on One, Los Angeles, katika miezi ya mwanzo ya 1988. Walianza na Mike Clink, aliyekuwa ametoka kutayarisha Appetite for Destruction ya Guns N' Roses, lakini hawakuelewana naye na baada ya majuma machache wakamwita Flemming Rasmussen kutoka Denmark, mtu aliyewarekodi katika albamu mbili zilizotangulia. Muda mwingi ukaenda kwenye dramu na magita. Newsted alirekodi sehemu zake akiwa na fundi msaidizi tu, wenzake hawapo na mtayarishaji hayupo. Mpiga besi aliyefungiwa peke yake na kanda iliyokwisha kujaa magita hana mtu wa kumwambia hapa panda, hapa nyamaza, hapa badilisha mlio ili ujitenge na Hetfield. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lolote katika historia hii, kwa maana lilikuwa jambo la kurekebishwa kwa mazungumzo ya mchana mmoja.

Ikafika zamu ya kuchanganya sauti, kazi waliyopewa Steve Thompson na Michael Barbiero kwenye studio za Bearsville, jimbo la New York. Bendi wakati huo ilikuwa kwenye ziara ya viwanja vikubwa pamoja na Van Halen, na Hetfield na Ulrich walikuwa wakisafiri kati ya jukwaa na studio, masikio yamechoshwa na kelele za usiku uliopita. Hetfield mwenyewe amekiri uchovu huo. Thompson amesimulia zaidi ya mara moja kwamba Ulrich aliagiza besi ishushwe mpaka iwe inasikika kwa taabu, na iliposhushwa akataka ipunguzwe tena desibeli 5 au 6. Desibeli 6 ni kupunguza ukubwa wa wimbi kwa nusu. Ukikipunguza kwa nusu kitu kilichokuwa tayari kinasikika kwa taabu, umekifuta.

Pamoja na hayo albamu ilipokelewa vizuri ajabu. Ilipanda hadi nafasi ya 6 kwenye chati ya Billboard, na nchini Marekani pekee imethibitishwa kuuza nakala milioni 8. Februari 1989 tuzo ya kwanza ya Grammy ya roki nzito na metali ilikwenda kwa bendi ya Jethro Tull, uamuzi ulioshangaza ukumbi mzima, lakini mwaka uliofuata wimbo wa "One" ukaipatia Metallica tuzo yao.

"One" unaeleza kwa nini ukavu ule haukuiua albamu. Unahusu askari aliyepoteza viungo, macho na masikio vitani, amebaki akili tupu ndani ya mwili uliokufa. Unaanza taratibu kwa gita safi, halafu katikati miguu miwili ya Ulrich inaachia mateke mfululizo na gita linayadaka teke kwa teke, kama bunduki ya rashasha. Kila pigo linasimama peke yake kwa sababu hakuna mwangwi wa kulifunika wala sauti nzito ya kulitandaza. Besi nene ingekipunguzia kipande kile makali. Kwa wimbo huu mmoja nakubaliana na uamuzi wao. Kwa "Harvester of Sorrow", wimbo wa mwendo wa pole unaodai uzito, sikubaliani kabisa.

Katika albamu iliyofuata, ya 1991, mtayarishaji Bob Rock aliwalazimisha kupiga pamoja ndani ya chumba kimoja, na besi ikarudi. Mwaka 2009 mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero: Metallica ukatoka na baadhi ya nyimbo za Justice zikiwa na kila chombo kwenye njia yake, na mashabiki wakaichomoa besi ya Newsted na kuipandisha wenyewe. Metallica walipoitoa upya albamu mwaka 2018 waliiacha kama ilivyokuwa.

Nimezisikiliza kwa makini nyimbo zile zilizopandishwa besi. Nyimbo zinapata kiwiliwili, dramu zinatulia, magita yanapungua ukali. Mkono wa Newsted ni thabiti, haukosei hata pale mwendo unapovunjika mara tatu ndani ya sekunde chache. Lakini kutoka mwanzo hadi mwisho wa wimbo, karibu kila noti yake ni noti ya Hetfield.