Mashine inaandika PV, lakini nani atafuata mbegu?



Tangu mwaka wa 2023, makampuni makubwa ya programu yanatuuzia ahadi moja: mkutano ukiisha, kazi yenye kufuata itajifanya yenyewe. Zoom ilitoa msaidizi wake wa akili bandia (IA) mwezi wa 9 mwaka ule, Microsoft ikatia wake ndani ya Teams mwezi wa 11. Programu inasikiliza, inageuza sauti kuwa maandishi, inafupisha, inatoa orodha ya kazi na majina ya wenye kuzifanya.

Hapa Kongolo chombo hiki hakikuingia na Teams. Kiliingia na telefone. Mtu anaiweka katikati ya meza, anarekodi, usiku mtandao ukirudi anatuma sauti kwenye programu ya bure, na asubuhi PV iko tayari ndani ya kikundi cha WhatsApp. Nimeona hivyo mara nyingi katika mikutano ya wakulima, na maoni yangu ni haya: kwa kuandika, chombo ni kizuri, kwa kufuatilia, kinatudanganya. Na kufuatilia njo wanatuuzia.

Tukipe kwanza haki yake. PV ya mkutano wa saa tatu ilikuwa inamaliza siku tatu ao ine mezani kwa sekretere, na mara nyingi haikutoka kabisa. Mashine inaitoa kwa dakika chache, kwa Kifaransa safi chenye wafadhili wanapenda. Kijana mwenye hajazoea kuandika raporo anapata mfano mbele ya macho. Hiyo si kitu kidogo, na mwenye kuitukana mashine juu ya hiyo hajawahi kuandika PV kwa mwangaza wa tochi.

Lakini tuangalie mambo manne.

La kwanza ni lugha. Whisper, moja ya mashine zinazojulikana sana za kugeuza sauti kuwa maandishi, ilitolewa na OpenAI mwezi wa 9 mwaka 2022. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, karibu saa 117,000 tu ziligawanyika kwa lugha 96 zisizo Kiingereza, na Kiswahili ni kimoja kati ya hizo 96. Tena Kiswahili gani? Katika alama za kimataifa za lugha, cha pwani kinaitwa swh, cha Kongo swc. Na mkutano wetu hauna hata swc safi: mtu anaanza kwa Kifaransa, anatia methali ya Kihemba ao Kiluba, anamalizia kwa Kiswahili. Chukua neno letu « njo ». « Yeye njo ataleta » maana yake: ni yeye, si mwingine. Nimeona mashine ikiandika « yeye njoo ataleta », na ndani ya ufupisho yule mtu amekuwa mwalikwa. Neno dogo lenye kuonyesha nani amebeba mzigo njo lenye mashine haisikii.

La pili ni kunyamaza. Mwaka 2024, watafiti wa Cornell na vyuo vingine walichunguza Whisper. Walikuta karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vimetiwa maneno yenye hakuna mtu aliyeyasema, na hatari hiyo inaongezeka kwa watu wenye kunyamaza sana katikati ya maneno. Asilimia 1 inaonekana ndogo. Lakini wazee wetu wanasema namna gani? Mzee anasema, ananyamaza, anatazama watu, kisha anasema tena. Kunyamaza kwake ni sehemu ya jibu. Mashine inaona pengo, na kuna siku italijaza.

La tatu, na kwangu njo kubwa, ni ahadi. Kwetu « tutaona » si ndiyo. Mara nyingi ni hapana ya heshima. « Tutaona, Mungu akipenda, kama barabara inaruhusu » ni hapana mara tatu. Kila mtu kwenye benchi anaelewa. Mashine haielewi, kwa sababu imetengenezwa kutoa orodha ya kazi, na ikikosa kazi itaitafuta.

Katika mkutano mmoja mbele ya majira ya kupanda, wenye uliitishwa na shirika moja lenye sitalitaja, mkubwa wa kikundi cha wakulima alisema juu ya mbegu za karanga: « Tutaona namna ya kuzileta. » PV ya mashine ikaandika: « Kamati ya usafiri: kuleta mbegu mbele ya tarehe 15. » Kamati ya usafiri haikuwako. Ujumbe wa kukumbusha ulitumwa mara tatu ndani ya kikundi, watu wakajibu na kidole gumba. Kila mmoja alizani mwingine anafuata, juu imeandikwa. Mbegu zilikuja wakati mvua imekwisha kukomaa. Wenye kusoma agronomia wanajua matokeo: karanga yenye kupandwa kwa kuchelewa inakamatwa zaidi na ugonjwa wa rozeti, wenye unasambazwa na vidukari, na majani yakifupika hivyo hakuna dawa ya kuyarudisha. Pasipo PV ile, mtu angeuliza siku ileile: « Sasa nani anaenda? » PV nzuri ilifunga kinywa cha ulizo lile.

La ine ni siri. Jimbo letu la Tanganyika, lenye lilizaliwa mwaka 2015, linajua vita kati ya Watwa na Waluba, na linajua mabaraza yenye watu walikaa chini kusema juu ya ardhi na wafu wao. Maneno ya namna hiyo, ukiyatuma kwenye programu ya bure, yanalala ndani ya mashine za nchi gani? Nani atayafungua? Hata Marekani watu wanauliza: mwezi wa 8 mwaka 2025, kampuni Otter ilishitakiwa California juu ya kurekodi maongezi ya watu bila ruhusa yao. Na sisi tuko na Kodi ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kulinda habari za mtu binafsi. Kwenye benchi la kijijini, nimesikia mara ngapi mtu akiomba ruhusa mbele ya kubonyeza? Hesabu ni fupi.

Mtu atasema: wewe unataka turudi kwenye kalamu na daftari. Hapana. Nataka tujue ugonjwa mbele ya kununua dawa. Mikutano haikutukosa. Sheria n° 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011 juu ya kilimo ilipanga mabaraza ya ushauri tangu taifa hadi chini kabisa. Tuko na CARG, tuko na kamati juu ya kamati. Maandishi pia si njo yalikosa zaidi. Chenye kinakosa ni mtu mmoja mwenye kusema « ni mimi » mbele ya wengine, na kuona haya kama hakufanya. Haya ile haikai ndani ya orodha. Inakaa katika macho ya watu.

Kwa hiyo, kwa wenye wanaanza kazi mwaka huu, pendekezo langu ni hili. Mtu asirekodi mkutano mzima. Zikibaki dakika tano, mwenyekiti asimame, asome kila uamuzi kwa sauti: kazi gani, nani, siku gani. Mwenye jina ajibu kwa kinywa chake. Akisema « tutaona », uamuzi ufutwe ao apewe mwingine palepale. Kisha, kwa ruhusa ya wote, rekodi dakika zile tano tu na umpe mashine. Sauti ni moja, maneno ni wazi, siri hazimo, mega zinatosha. Iandike PV, itafsiri kwa Kifaransa, ipange tarehe. Hapo inafanya kazi yake.

Na siku mbili mbele ya tarehe, msitume ujumbe peke yake. Mtu mmoja apande kinga, afike kwa mwenye jina, aulize: « Papa, mbegu zimefika wapi? » Kama jibu ni hapana, bado siku mbili ziko za kutafuta njia nyingine, na mvua haijakuja.